Umeme wa ghala: usivute waya kutoka sebuleni



Leo siongelei mbegu wala dawa za wadudu. Naongelea umeme wa ghala. Najua yupo atakayeuliza bwana shamba ameingiaje kwenye mambo ya nyaya. Nimeingia kwa mlango wa ghala lenyewe. Kazi yangu ni pamoja na kuangalia mavuno yako yanalala wapi, na siku hizi karibu kila ghala ninalofungua lina waya ndani. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimefika kwenye vijiji ambavyo zamani taa ilikuwa ya koroboi. Umeme ukishaingia nyumbani, safari yake ya pili huwa ni ghalani. Huanza na taa moja ya kumwona mwizi na panya, ikafuata mashine ya kupukuchua mahindi, kisha mota ya kukatia majani ya ng'ombe.

Shida inaanzia hapo, kwa sababu wengi wetu tunalichukulia ghala kama chumba kingine cha nyumba. Ghala lililojitenga ni nyumba ya pili. Linataka kebo yake kutoka kwenye boksi la nyumba, boksi lake dogo la saketi breka, ethi yake, na swichi yake ya kuzimia. Hilo ndilo neno langu la leo.

Nielewe vizuri: sikufundishi kufunga umeme mwenyewe. Kazi hiyo kisheria ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Ninachokupa ni maarifa ya kukuwezesha kusimama karibu na fundi, kumuuliza maswali, na kujua kama pesa yako imeingia mahali panapostahili.

Mlango unaouma

Msimu mmoja wa mvua nilikwenda kwa mama mmoja, huku Nyanda za Juu Kusini, kuangalia dumuzi kwenye mahindi yake. Ghala lake lilikuwa la mabati kwenye nguzo za miti, kama hatua hamsini kutoka nyumbani. Waya ulitoka kwenye soketi ya sebuleni, ukapita dirishani, ukalala kwenye tawi la mwembe, kisha ukaingia ghalani kupitia tundu lililotobolewa kwa msumari. Alivyonyoosha mkono kufungua mlango, aliufungia kitambaa kwanza. Nikamuuliza sababu.

"Mlango huu ukinyeshewa unauma, bwana shamba. Sisi tunadhani ni baridi ya bati."

Haikuwa baridi. Upepo ulikuwa ukiutikisa waya, na ukingo wa bati ukaukata ganda kidogo kidogo mpaka shaba ikagusa. Ghala zima lilikuwa na umeme. Kiangazi hakuna aliyehisi kitu, maana udongo ni mkavu na miguu ina kandambili. Mvua ikinyesha, ardhi ikalowa, mlango ukaanza kuuma. Na aliyetumwa humo kila jioni kuchota pumba za kuku alikuwa mjukuu wake wa darasa la pili, peku.

"Mama, tuzime kule sebuleni kwanza, ndipo tuongee," nilimwambia. Tulizima, na ule waya haukuwashwa tena. Mota yake ilikaa bila kazi wiki kadhaa, mpaka alipouza magunia mengine ili kununua kebo na boksi. Ilimuuma, kwa sababu mota yenyewe alikuwa ameinunua kwa mahindi. Lakini mtoto yule yupo, anaendelea na shule.

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini saketi breka ya nyumbani haikujikata yenyewe? Jibu nitakupa nikifika kwenye ethi. Tuanze na waya.

Waya mwembamba unaua mota

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Ukisafiri kwenye waya, kiasi fulani kinapotea njiani. Waya ukiwa mrefu unapotea zaidi, na ukiwa mwembamba unapotea zaidi tena. Unene unausoma kwenye ganda: mm 1.5, mm 2.5, mm 4, mm 6, na kuendelea.

Tufanye hesabu pamoja. Ghala lipo mita 40 kutoka kwenye boksi la nyumba. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 80 za shaba. Mota ya nguvu farasi 2, ambayo ni kama kilowati 1.5, ikifanya kazi inavuta karibu ampea 10.

Kwa waya wa mm 1.5, unaotumika kwa taa, utapoteza takribani volti 9 mota ikiwa inazunguka. Unaweza kusema si nyingi. Lakini mota wakati wa kuanza huvuta mara tano hadi saba ya kawaida yake. Chukua ampea 50 tu: volti zinazopotea ni kama 47. Mota iliyotengenezwa kwa volti 230 inapata 183 wakati ule inapohitaji nguvu zaidi. Na kama kijiji chako kipo mwisho wa laini, umeme unaofika nyumbani nao huenda ukawa chini ya 230. Mota itanguruma bila kuzunguka, itapata joto, na siku moja utasikia harufu ya kuungua. Utalaumu duka lililokuuzia mota, kumbe ni waya.

Kwa kebo ya mm 6, umbali uleule, mota ikizunguka unapoteza kama volti 2 na nusu, na ikianza kama volti 12. Hapo inaamka vizuri.

Kuna hasara nyingine ndani ya LUKU yako. Zile volti 9 kwa ampea 10 ni wati 90 zinazochemsha waya muda wote mashine ikifanya kazi. Ni sawa na kuwasha balbu kumi za LED za wati 9 juani mchana.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu chochote, pima umbali kwa futi ya fundi, si kwa macho. Orodhesha utakachotumia leo na unachotarajia kuongeza miaka mitatu ijayo. Mpe fundi orodha hiyo, yeye achague unene. Ukibakiwa na pesa ya kuongeza kitu kimoja tu, ongeza unene wa kebo. Boksi unaweza kulibadilisha mwakani. Kebo iliyokwishafukiwa hutaki kuifukua.

Dukani nako kuwa macho. Kuna nyaya zinazouzwa kama shaba, kumbe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua ncha kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, irudishe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka katikati, na ni nzito mkononi. Tafuta pia alama ya TBS.

Boksi la ghala lina nini ndani

Kebo ya ghala haianzii kwenye soketi. Inaanzia kwenye boksi kuu la nyumba, kwenye saketi breka yake peke yake. Breka hiyo inachaguliwa kulingana na kebo, ili kebo isipate moto kabla breka haijakata. Kebo ya mm 6, kwa mfano, mara nyingi inalindwa na breka ya ampea 32.

Ghalani kebo inaingia kwenye boksi dogo. Ndani yake utarajie kuona vitu hivi:

Swichi kuu ya ghala, inayozima kila kitu kwa mkono mmoja.

Kikata umeme cha uvujaji, kile mafundi wanachokiita RCD. Kiwe cha miliampea 30.

Saketi breka ya taa, kwa kawaida ampea 6 au 10, na waya wa mm 1.5.

Saketi breka ya soketi, ampea 16 au 20, na waya wa mm 2.5.

Saketi breka ya mota peke yake, ya aina inayovumilia mvuto wa kuanza. Mota nayo iwe na swichi yake yenye kinga ya kuzidiwa mzigo.

Faida ya kugawa hivi utaiona usiku. Mashine ikileta hitilafu, breka yake inajikata na taa inabaki. Huachwi gizani pembeni ya mkanda unaozunguka.

Sasa jambo ambalo nimelikuta limekosewa mara nyingi: nyutro na ethi. Katika boksi la ghala, nyaya za nyutro zina reli yake na nyaya za ethi zina reli yake, na reli hizo mbili zisiunganishwe. Yupo fundi atakayekwambia ni kitu kilekile, akaweka kipande cha waya katikati. Mkatalie. Zikiunganishwa, sehemu ya umeme unaorudi inapita kwenye ethi badala ya nyutro. Kama kuna RCD nyumbani, itakuwa inakata kila mara bila sababu ya kuonekana, mpaka mtu achoke na kuiondoa. Na nyutro ikija kukatika njiani, mwili wa kila mashine yenye ethi unaweza kuwa na umeme.

Rangi za nyaya pia zimebadilika. Za zamani ni nyekundu kwa waya wa moto na nyeusi kwa nyutro. Za sasa ni kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro. Ethi ni kijani na njano. Angalia hapa: kwenye kebo mpya za njia tatu, nyeusi ni waya wa moto. Anayesema "nyeusi haina kitu" anasema habari za zamani. Waya hupimwa kwa kipimo.

Ethi: kwa nini breka haikukata

Turudi kwa yule mama. Saketi breka ya kawaida inaangalia wingi wa umeme. Breka ya ampea 16 haishtuki mpaka umeme uzidi kiwango hicho. Bati lake lilikuwa juu ya nguzo za miti na halikuwa na ethi, kwa hiyo umeme haukuwa na njia ya kupita kwa wingi. Ulikaa pale ukisubiri mguu wa mtu.

Ungesema basi aweke nondo ya ethi. Ni kweli aiweke, lakini nondo peke yake haitoshi. Tuseme nondo imepigwa kwenye udongo mkavu na ukinzani wake ni omu 50. Volti 230 gawanya kwa 50 unapata ampea 4.6. Breka ya 16 itaziangalia ampea hizo siku nzima na isikate. Mlango utaendelea kuuma.

Hapo ndipo RCD inapofanya kazi yake. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Zikikosekana miliampea 30, yaani ampea 0.03, inakata mara moja. Zaidi ya hapo, umeme ukipita kifuani mwa mtu unaweza kuuvuruga moyo. Ethi na RCD ni kama jembe na mpini. Dai vyote viwili.

Nondo ipigwe mahali penye unyevu, ikiwezekana upande maji ya paa yanakomwagikia, na iingie yote ardhini. Fundi aipime kwa kipimo cha ethi, na akupe namba kwa maandishi. Kama kuta za ghala ni za mabati, nazo ziunganishwe na ethi. Mwulize pia kama ethi ya ghala iunganishwe na ya nyumba. Jibu linategemea namna umeme unavyoingia kwako, na fundi anayejua kazi atakueleza bila kukasirika.

RCD ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi. Kisipokata, umeme wa ghala uzimwe mpaka fundi aje.

Njia ya kebo

Mti hukua na kuyumba, kwa hiyo si nguzo. Kamba ya kuanikia nguo nayo isipite karibu na waya wa juu. Kama uwezo upo, fukia. Tumia kebo ya ardhini yenye ngao ya nyaya za chuma chini ya ganda la nje. Waya wa kawaida wa ndani ya nyumba usifukiwe hata ukiuweka kwenye mpira wa maji.

Mtaro uwe wa kina cha sentimita 60 au zaidi. Jembe la mkono halifiki huko, lakini plau na mtu anayechimba shimo la mgomba wanaweza kukaribia, kwa hiyo pitisha kebo pembeni ya shamba, si katikati. Weka mchanga chini na juu ya kebo, panga matofali juu yake, kisha fukia. Chora ramani kwenye daftari: kutoka kona ya nyumba mita ngapi, inakata kona wapi. Atakayechimba miaka kumi ijayo huenda asiwe wewe.

Ghala lina adui zake

Haya sasa ni ya upande wangu, na mafundi wengi hawayajui.

Panya hutafuna ganda la waya. Nyaya zote ghalani zipite ndani ya mabomba magumu, na matundu ya kuingilia ukutani yazibwe.

Vumbi la mahindi na pumba linashika moto. Taa ziwe za LED na ziwe na kifuniko. Boksi liwe la aina inayofungwa vizuri dhidi ya vumbi, na lisizibwe na magunia. Acha nafasi ya mita moja mbele yake, hata mwezi wa mavuno ghala likijaa.

Mbolea hunyonya unyevu na vumbi lake hula chuma na shaba. Usipange mbolea chini ya boksi. Kwanza mbolea na chakula havitakiwi kulala ghala moja.

La mwisho ni vidonge vya kufukizia. Gesi ya fosfini inayotoka humo inaua dumuzi, na inakula shaba pia. Boksi na swichi vikikaa ndani ya ghala linalofukizwa, viungio vyake huwa vyeusi, vinalegea, vinapata moto. Ndiyo maana napendelea boksi liwe nje chini ya upenuzi, kwenye kasha linalofungwa lisilopitisha mvua. Na ufukizaji wenyewe uachie mtu aliyefunzwa, maana gesi hiyo inaua watu.

Fundi, vipimo na TANESCO

Muombe fundi leseni yake ya EWURA. Leseni zina madaraja, na kila daraja lina kazi zake. Kazi ikiisha, usilipe yote kabla hajapima mbele yako: ethi, uimara wa ganda la nyaya, na RCD. Aandike ndani ya mlango wa boksi kila breka inahudumia nini, kwa Kiswahili, ili hata anayebaki nyumbani aelewe.

Wengi mnakumbuka shilingi 27,000 za kuunganishiwa umeme vijijini. Pesa hiyo ni ya kuunganishwa tu, nyaya za ndani na za ghala ni juu yako. Na kama nyumbani una kifaa cha UMETA, kile cha Umeme Tayari, kimetengenezwa kwa nyumba ndogo yenye vyumba vichache. Usikibebeshe mota. Mashine ikiwa kubwa, au ikihitaji njia tatu, nenda kwanza ofisi ya TANESCO ukaombe, ndipo ununue mashine.

Waonyeshe wote wa nyumbani swichi ya kuzima ghala ilipo, watoto pia. Mtu akinaswa na umeme, zima kwanza, usimshike. Ukishindwa kuzima, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, mwenye ujuzi wa huduma ya kwanza aanze kumsaidia palepale huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali.

Najua utakachosema: gharama. Nimekaa na wakulima tukaipiga hesabu hii mara nyingi, na kila mara kebo na boksi vinatoka kwenye magunia. Panga basi kwa awamu. Mwaka huu fukia kebo nene, weka boksi, ethi, RCD na taa. Mwakani ongeza saketi ya mota. Kwa mpangilio huo ghala litakuwa salama tangu siku ya kwanza, na mota itakayokuja itakuta njia yake ipo tayari.

Na kama leo hii kuna waya unaotoka dirishani kwako kwenda ghalani, anza na kazi isiyo na gharama: chomoa, kisha ukague kama mvua inayokuja itaukuta hapo. Mwenye swali aandike hapa chini, aseme umbali wa ghala lake na mashine aliyo nayo, tusaidiane.